SOMO: Drake Sword mapema kwenye Dark Souls, na upanga wa kuurithi

Wakuu, habari za jioni. Kila mtu mpya anayeanza Dark Souls huniandikia maneno yaleyale: "Nampiga adui mara sita hafi, yeye ananipiga mara mbili nimelala." Wengine wameshafikia hatua ya kuuza diski.

Usiuze. Dawa ipo, na wala haihitaji ufundi wa vidole. Inahitaji upinde wa bei chee, mishale ya kutosha, na subira ya mvuvi wa ndoano. Kuna joka linalokaa juu ya daraja mwanzoni kabisa mwa gemu. Ukilikata mkia kwa mishale kutoka chini, unapewa upanga uitwao Drake Sword, na kwa saa nyingi zinazofuata maadui wanaanguka kama maembe.

Ngoja nitoe hesabu, maana kuna watu wanadhani natia chumvi. Longsword, ule upanga wa kawaida, unaanza na nguvu ya pigo 80. Ukiupeleka kwa mhunzi ukauboresha mpaka mwisho, yaani +15, pigo lake la msingi linafika 200. Drake Sword inakuja mkononi ikiwa na 200 siku hiyohiyo. Huu ndio mteremko wenyewe.

Somo linahusu Dark Souls ya kwanza, ile ya FromSoftware ya mwaka 2011, na toleo la Remastered la 2018. Nimetaja vitufe vya pedi ya PlayStation.

Hatua ya 1: Mhusika

Upanga unadai nguvu 16 na wepesi 10. Upinde mfupi, Short Bow, unadai nguvu 7 na wepesi 12. Hapa wengi wanakata tamaa kwa sababu hakuna mhusika anayeanza na nguvu 16. Kumbe ukishika silaha kwa mikono miwili, gemu inahesabu nguvu zako mara moja na nusu. Warrior ana 13, kwa mikono miwili inakuwa 19, amepita. Knight ana 11, inakuwa 16 na nusu, gemu inaitupa nusu inabaki 16 kamili. Inaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Ila Knight aongeze pointi moja ya wepesi, maana ana 11 na upinde unataka 12.

Kama ndiyo kwanza unafungua gemu, chukua Hunter. Anaanza na upinde na mishale, nguvu 12, wepesi 14. Umeokoa pesa na muda.

Hatua ya 2: Roho

Roho ndiyo pesa ya huku. Upinde ni roho 1000. Mishale ya mbao ni roho 3 mmoja, ya kawaida ni 10. Mimi hununua ya kawaida 60, kwa hiyo jumla tafuta kama 1600. Kaa kwenye moto wa kupumzikia (bonfire) wa Undead Burg, mji wa mwanzoni mwa gemu, ua wafu walio jirani, rudi ukae, wanafufuka, uwaue tena. Mizunguko michache inatosha. Ukifa, roho zako zinabaki chini pale ulipofia. Ukifa tena kabla hujaziokota, zimekwenda, usiniulize mimi.

Hatua ya 3: Duka

Vuka pale wanaporusha mabomu ya moto kutoka ghorofani. Ukifika kwa wale wenye mikuki na ngao, angalia kona yenye masanduku ya mbao. Yavunje, kuna ngazi zinashuka. Chini kuna mzee anayecheka peke yake, ndiye mwenye duka. Usimpige hata kwa bahati mbaya.

Hatua ya 4: Taurus Demon

Huyu bosi yuko juu ya ukuta na ni lazima apite mikononi mwako ndipo ufike darajani. Ukiingia kwenye ukungu, geuka nyuma: kuna ngazi ya kupanda mnara ulikotokea. Panda, ua wapiga mishale wawili, shuka, sogea mbele mpaka bosi atokee, kisha kimbia urudi juu. Akija chini yako, jirushe huku ukibonyeza R1. Pigo la kumwangukia kichwani linamla kipande kikubwa cha uhai. Rudia. Ndiyo hivyo tu.

Hatua ya 5: Daraja

Hapa taratibu, maana hapa ndipo watu wanapoungua.

Ukitoka kwenye mnara baada ya bosi, kuna kibaraza na mtu aliyechorwa jua kifuani. Ni Solaire. Msalimie, atakupa White Sign Soapstone, utaihitaji mbele ya safari. Kisha tazama daraja: refu, pana, wafu wamejipanga. Usikimbie katikati kama unawahi daladala. Piga hatua chache, joka litapita juu na kuwachoma wote waliosimama pale, nawe rudi nyuma haraka. Limekufanyia kazi ya kufagia.

Likishatua ng'ambo, juu ya lango, chomoka. Katikati ya daraja, upande wa kulia, kuna ngazi za kushuka. Ingia humo. Ua waliomo, endelea chini mpaka utoke nje, utaona ngazi ya kupandia imekunjwa: ipige teke. Inashuka moja kwa moja hadi kwenye ule moto wa Undead Burg. Hii ngazi ina thamani kuliko upanga wenyewe, kwa sababu kuanzia sasa ukifa unarudi hapa chini ya dakika moja bila kumwona bosi wala moto wa joka. Shuka, pumzika, panda tena.

Sasa simama kwenye ujia ulio chini ya daraja, tazama upande joka liliko. Mkia unaning'inia nje ya jiwe, unachezacheza kama kamba ya kuanikia nguo upepo ukivuma. Weka upinde mkono wa kulia. Weka mishale kwenye nafasi yake, haijipangi yenyewe (nilipoteza dakika kumi nikibonyeza R1 na hakuna kitu kinatoka). Shika kwa mikono miwili, L1 kulenga, R1 kuachia.

Mshale wa upinde mfupi unashuka ukienda mbali, kwa hiyo lenga juu kidogo ya mkia. Ukipata, utaona mstari wa uhai wa joka unatokea na kupungua kiduchu mno. Usivunjike moyo. Huuwi joka, unakata mkia, na mkia una hesabu yake pembeni. Likishtuka litainuka, pengine litashuka darajani na kukanyagakanyaga, mkia unapotea machoni. Shusha upinde, subiri lirudi kwenye kiti chake. Likigoma kurudi, shuka ukapumzike uanze upya.

Mshale wa mwisho hauna kelele yoyote ya pekee. Joka linalia, na jina la upanga linatokea kwenye kioo. Umeingia mfukoni wenyewe, hakuna cha kwenda kuokota.

Mara yangu ya kwanza umeme ulikatika nikiwa nimebakiza mishale michache. Gemu inajihifadhi yenyewe, kwa hiyo niliporudi nilikuta mishale haimo, na joka limepona. Kama kwenu umeme ni wa kubahatisha, nunua mishale 100.

Hatua ya 6: Usishuke bado, chukua na Claymore

Hatua hii watu wengi hawaifundishi, na ndiyo iliyonifanya niandike somo. Kwenye daraja lilelile kuna maiti, na juu yake kuna upanga mkubwa uitwao Claymore. Panda ngazi, subiri joka limalize kutema moto, kimbia, okota, rudi ngazini. Hata ukiungua baada ya kuokota, Claymore ni yako.

Kwa nini usumbuke na upanga wa pigo 103 wakati una wa 200? Kwa sababu silaha za kawaida zina pigo la msingi, halafu zinaongezewa kutokana na nguvu na wepesi wako. Drake Sword haina nyongeza hiyo hata chembe. Ukiwa levo ya 15 inapiga 200, ukiwa levo ya 60 inapiga 200 ileile. Wewe unakua, upanga umedumaa.

Claymore inadai nguvu 16 na wepesi 10, sawasawa kabisa na Drake Sword. Pointi ulizoweka kwa ajili ya upanga wa joka hazipotei hata moja. Ukiifikisha +10, msingi wake ni 206, na hapo bado hujahesabu nyongeza ya mwili wako. Tena Claymore inapakwa utomvu wa Gold Pine Resin ikatoa umeme. Drake Sword haipakwi chochote.

Hatua ya 7: Matumizi

Tembea na Drake Sword mpaka upige kengele ya kwanza, ile ya juu ya kanisa la Undead Parish. Wafu wa kawaida watalala kwa pigo moja, na wale Gargoyle wawili juu ya paa hawatakusumbua sana. Ukiushika kwa mikono miwili na kubonyeza R2, unatoa wimbi linalofika mbali, lakini wimbi hilo linakula uimara wa upanga, kwa hiyo usilifanye mchezo wa kuigiza.

Huku nyuma, kila titanite shard (kipande cha madini ya kuboreshea silaha) unayookota mpelekee Andre, mhunzi aliye chini ya Undead Parish. Anaziuza pia, roho 800 moja. Peleka Claymore +5, halafu mpe Large Ember (kaa la mhunzi) inayopatikana eneo la Depths ili aweze kukufikisha +10. Ukiona ngome ya Sen's Fortress imefunguka na bado umeshika Drake Sword peke yake, umechelewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mwanza): Mkuu, mishale 60 imeisha na mkia haujakatika. Nimekosea wapi?

Jibu: Mara nyingi ni mambo mawili. Ama ulikuwa unapiga mguu au bawa ukidhani ni mkia, ama ulienda kupumzika katikati. Ukipumzika, joka linapona na hesabu ya mkia inaanza sifuri. Kusanya mishale kwanza, uanze na umalize kwa kikao kimoja.

Swali (Mombasa): Ndugu, mimi nililiua hilo joka kwa kulivizia siku mbili nzima. Nikapata roho 10,000 lakini upanga sikuuona. Utatokea baadaye?

Jibu: Pole ndugu yangu, na hongera pia, maana kuliua si mchezo. Upanga unatoka kwenye mkia tu, na mkia lazima ukatwe joka likiwa hai. Kwenye mzunguko huu umeukosa, mpaka umalize gemu uanze upya. Lakini una roho 10,000 na daraja liko wazi. Chukua Claymore, nenda kwa Andre, wewe huna hasara.

Swali (Dodoma): Samahani kaka, mimi ni Sorcerer, nguvu 9. Nami nautaka.

Jibu: Dada, ukiongeza pointi mbili za nguvu unafika 11, kwa mikono miwili inatosha. Na wepesi ongeza moja ili upinde ukukubali, unao 11. Pointi tatu tu. Ila kwa mikono miwili huwezi kupiga uchawi kwa fimbo wakati huohuo, itabidi ubadilishe kila mara. Ningekuwa wewe pointi hizo ningezipeleka kwenye akili.

Swali (Dar es Salaam): Huu si wizi? Rafiki zangu wananicheka, wanasema nimemaliza Undead Parish kwa dezo.

Jibu: Waliotengeneza gemu ndio waliouweka mkia pale, wakaacha ujia chini yake, na upinde dukani jirani. Na si joka hili tu. Mkia wa Gargoyle unatoa shoka, wa Gaping Dragon unatoa shoka kubwa zaidi. Waulize hao rafiki zako walilifikiaje daraja mara ya kwanza, kama hawakuungua.

Swali (Arusha): Niko Anor Londo na Drake Sword, adui hapungui. Niipandishe kwa magamba ya joka ifike +5?

Jibu: Inafika 300, ndiyo. Lakini kila hatua ya kupandisha ni roho 10,000 pamoja na magamba, na magamba yenyewe ni adimu. Ukishafika 300 umegonga dari, hakuna pa kwenda. Roho hizo nunulia shard nyingi za Claymore. Kama uliiacha darajani, bado ipo, na siku hizi lile joka halitakutisha.

Swali (Nairobi): Elden Ring, ile gemu nyingine ya FromSoftware, ina kitu kama hiki?

Jibu: Zipo silaha kali, ila wanazifuatilia. Hoarfrost Stomp ilikuwa inamaliza mabosi kwa kukanyaga chini tu, ikapunguzwa makali Machi 2022, wiki chache baada ya gemu kutoka. Moonveil, upanga wa Gael Tunnel, ni tamu, lakini inadai nguvu 12, wepesi 18 na akili 23, na kabla ya kuipata unapigana na Magma Wyrm ndani ya chumba kisicho na pa kukimbilia. Hakuna kukaa chini ya daraja na upinde. Nitaiandikia somo lake.

Swali (Mwanza tena): Mkuu, umekatika! Mshale wa 34. Sasa naogopa kwenda kuokota Claymore, naona joka limekasirika.

Jibu: Weka ngao mgongoni, vua nguo nzito ukimbie mwepesi. Benki roho zako kwanza kwa kupanda levo, halafu nenda.