Manjano na shubiri kwa mwenye vidonda vya utumbo mpana

Mwenzangu, ikiwa unakwenda haja mara nane kwa siku na choo kina damu na makamasi, usianzie jikoni. Kapime kwanza. Hapa kwetu Pemba damu chooni yaweza kuwa amiba, na hiyo ina dawa yake. Mie nilitiwa kamera, ukuta wa utumbo mpana ukaonekana umevimba na kuchunika, nikaanzishiwa vidonge vya sulfasalazini, vya kutuliza uvimbe wa utumbo. Mpaka leo sijaviacha, na wewe usiache vyako. Miti hii, manjano na shubiri, ni ya kuongezea kwenye vidonge, si badala yake.

Kwenye manjano kinachotuliza uvimbe ni kurkumini. Mwaka 2006 Wajapani walitoa utafiti wa wagonjwa wa vidonda hivi waliokwisha kupata nafuu. Huku wakiendelea na vidonge vyao, walikunywa gramu 1 ya kurkumini asubuhi na 1 jioni, baada ya kula, kwa miezi 6. Kati ya 43, maradhi yaliwarudia 2. Waliopewa dawa tupu, yaani ya kulinganishia isiyo na kitu ndani, 8 kati ya 39. Nilifurahi sana, kisha nikapiga hesabu: unga wa manjano wa gramu 100 una kurkumini gramu 3 hivi. Ili ufike gramu 2 ule zaidi ya gramu 60 za unga kila siku! Tumbo bovu halibebi hayo. Kwa hiyo ya jikoni ni chakula cha kukusaidia. Ukitaka kipimo cha utafiti, hivyo ni vidonge, muulize dakitari, khasa ukiwa na mawe ya nyongo au unatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Vile vilivyotiwa pilipili manga vimewahi kuwadhuru watu ini.

Yangu napika hivi. Tui zito robo kikombe, manjano kijiko kimoja cha chai, pilipili manga punje tatu zilizotwangwa. Moto mdogo, koroga usiachie, mpaka mafuta yaelee juu na yawe ya rangi ya dhahabu. Hapo ndipo kurkumini imeingia, maana haiyeyuki kwenye maji, yataka mafuta. Namiminia kwenye wali. Siku utumbo umewaka siipiki kabisa, tui na pilipili vitakuharisha.

Shubiri ndiyo yenye hatari. Mwanzo nililisaga jani zima na ganda lake, nikaharisha siku tatu. Ule utomvu wa rangi ya manjano ulio chini ya ganda, mchungu kama tunaowapaka watoto kuwaachisha ziwa, ni haluli kali. Unaotakiwa ni ute mweupe wa ndani. Kata jani nene la shubiri iliyopandwa, si ya mwituni. Lisimamishe kwenye bakuli, upande uliokatwa chini, nusu saa, utomvu uchuruzike. Menya ganda lote, kisha osha ute kwa maji mara tatu, nne. Onja kwa ncha ya ulimi: ukisikia uchungu, rudia kuosha.

Uingereza mwaka 2004 walijaribu ute wa shubiri, mililita 100 mara mbili kwa siku, wiki 4. Waliopona dalili ni 9 kati ya 30, na 1 kati ya 14 wa dawa tupu. Ule ulisafishwa kiwandani. Wangu wa nyumbani sizidishi vijiko viwili, na dakitari wangu anajua. Mja mzito asiuguse. Choo kikianza kuwa maji, acha siku hiyo hiyo.