Somo: kuimarisha viti vya shokapu za mbele kwenye gari dogo

Anayetoka Mvumi au Hombolo kuja Dodoma mjini kila siku anajua mvua za Desemba hadi Aprili zinavyoacha makorongo yakikata barabara. Kwenye Vitz, Passo, Starlet na wenzake, shokapu imesimama wima na kichwa chake kimefungwa kwenye kuba la bati ndani ya boneti, ndicho kiti cha shokapu. Gurudumu likidumbukia, pigo linapanda hadi kwenye kuba hilo. Bati likichoka huvimba, halafu hupasuka.

Starlet yangu ilipasuka kulia. Fundi akabandika chuma bapa juu ya ufa, hakunyoosha kitu. Msimu uliofuata ufa mpya ukafuata ukingo wa kile chuma kama mshono wa shati. Chuma kigumu kilikuwa kimehamishia mkazo kwenye bati laini la jirani. Ndiyo maana nasisitiza: nyoosha kwanza, imarisha baadaye.

Hatua ya 1. Fungua boneti mchana, futa vumbi lote kwa kitambaa chenye maji. Tafuta rangi iliyochanika kama unywele kuzunguka nati za shokapu na kwenye mishono ya bati. Weka rula juu ya kuba. Likiwa limevimba utaona mwanga chini ya rula. Pima pia umbali kati ya viti viwili, kisha mishazari hadi kwenye boliti za bodi zinazofanana kila upande. Mishazari isipolingana, gari linahitaji mashine ya kunyooshea bodi. Nyundo haitoshi.

Hatua ya 2. Inua gari, liweke kwenye stendi imara, usiliamini jeki. Chomoa waya wa hasi wa betri. Toa shokapu nzima pamoja na springi yake, maana joto la kuchomelea huua raba na sili. Nati ya katikati usiiguse: springi imebanwa pale, ikifyatuka inaua.

Hatua ya 3. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Toboa kitundu cha milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, rudisha bati kwenye umbo lake, ndipo uchomelee ufa.

Hatua ya 4. Kata bamba la milimita 2, ulikunje lifuate kuba na lishuke ubavuni. Pembe zote ziwe za mviringo. Tumia mashine ya MIG, ile ya waya unaojitoa wenyewe; moto wa gesi unaenea sana na kulainisha bati. Choma vipande vya sentimita 2, ukihama upande hadi upande bati lipoe. Mtu mmoja ashike maji karibu.

Hatua ya 5. Paka praima ya zinki, silanti (gundi ya kuziba maji) kwenye mishono, kisha rangi. Rudisha shokapu, kisha peleka gari kwenye alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu.

MASWALI

Mkuu, nikifunga ule upau wa kuunganisha viti viwili si inatosha? (Mpwapwa)
Upau unazuia viti kuachana au kukaribiana. Pigo la shimo linapanda wima, na bati lililopasuka litabaki limepasuka. Rekebisha kwanza.

Kaka, mimi sina ufa ila nikipita kwenye rasta inagonga "gwa gwa". (Nala)
Dada, anza na linki za stabilaiza, vile vijiti vya pembeni vinavyoshika upau wa kuzuia gari kulalia upande; ni rahisi kubadilisha. Kisha mtu azungushe usukani gari likiwa limesimama, nawe weka vidole juu ya springi. Ikikwama halafu ikaruka, beringi ya juu ya shokapu imekufa.

Nimeweka zile raba katikati ya mizunguko ya springi ili gari liinuke. Zina madhara?
Ndiyo. Zinaifunga mizunguko, springi inakuwa ngumu, na pigo ambalo ingelimeza linapanda kwenye kiti. Zitoe. Kama springi zimelala, badilisha zote mbili za mbele kwa pamoja.