Kabla hujamaliza maili zako kwenye daraja la biashara

Nakata tiketi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Wateja wangu wengi wanafuata mzigo Guangzhou, wengine ni watu wa parachichi kutoka Rungwe na Njombe wanaokwenda maonyesho ya Ulaya. Maili, yaani pointi ambazo shirika la ndege hukupa kwa kusafiri nalo, zikishafika idadi ya kutosha tiketi, kila mtu anataka kujua kama azimalizie kwenye kiti cha kulala. Tukae na kikokotoo.

Hatua ya 1. Andika kiasi ambacho ungetoa mfukoni kwa kiti cha biashara. Bei ya kwenye tovuti iache kwanza, maana kama hukuwahi kuwa na mpango wa kulipa milioni 7, huwezi kusema umeokoa milioni 7.

Hatua ya 2. Toa kodi na tozo, kwa sababu tiketi ya maili nayo ina fedha ya kulipa, kisha gawa kwa idadi ya maili. Tuseme biashara inataka maili 90,000 na tozo 600,000, nawe ungekubali kulipa 3,500,000. Inabaki 2,900,000, kila maili imekuletea kama shilingi 32. Sasa pigia na daraja la kawaida: tiketi ni 2,400,000, kwa maili inataka 45,000 na tozo 500,000. Hapo kila maili ni shilingi 42. Kawaida imeshinda, na maili 45,000 zimebaki. Ukitumia ile milioni 7 ya tovuti, biashara inaruka hadi shilingi 71, na hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya.

Hatua ya 3. Tazama aina ya ndege kwa kila kipande cha safari, usiishie kwenye neno "biashara". Ukipitia Addis Ababa, kipande cha Dar mara nyingi ni Boeing 737 (utaona 738 au 7M8), ambayo kiti chake ni kipana tu, hakilali. Kitanda utakipata kwenye ndege kubwa kama A350, inayoandikwa 359. Soma pia daraja kipande kwa kipande: kuna tiketi zinazokata maili za biashara safari nzima huku kile kipande kirefu cha usiku kimewekwa daraja la kawaida. Hiyo iache.

Hatua ya 4. Kwa mfanyabiashara, ongeza mzigo kwenye hesabu. Biashara huruhusu kilo nyingi zaidi, na kama unarudi na spea au sampuli, gharama ya mzigo wa ziada uliyoikwepa ni faida halali. Ndiyo maana huwa nashauri wengi wanunue kawaida kwenda, maili wazitumie kurudi, pale programu ya maili inaporuhusu tiketi ya upande mmoja. Mgonjwa wa mgongo au mzee anayekwenda matibabu India simpigii hesabu hizi, apande biashara.

Hatua ya 5. Angalia maili zinakufa lini. Za Emirates hudumu angalau miaka 3, za Flying Blue, programu ya Air France na KLM, hufa baada ya miezi 24 bila shughuli wanayoikubali. Kuziweka sana nako kuna hasara, kwani shirika linaweza kupandisha bei ya maili wakati wowote.

Hatua ya 6. Kutoka uwanja wa ndege wa Songwe hapa Mbeya hadi Dar mara nyingi ni tiketi ya pembeni, haikuunganishwa na ile ya kimataifa. Ukungu ukizuia ndege asubuhi, shirika la kimataifa halitakusubiri wala kukuomba radhi. Shuka Dar siku moja kabla, na gharama ya kulala iingize kwenye ile hesabu ya hatua ya 2.