Namna ya kusikiliza muziki usio na mwimbaji

Sisi tuliokulia Unguja tumezoea kuanza na maneno. Taarabu ikipigwa, sikio linawinda fumbo: nani kalengwa, kijembe kimetua wapi. Ndiyo maana bashraf, kile kipande cha ala tupu kinachofungua onyesho, wengi hukipitisha kwa mazungumzo huku wakimngojea mwimbaji. Nami nilikuwa hivyo, mpaka siku moja mjomba wangu, mpiga fidla, aliponishika mkono: "Mwanangu, usizisikilize zote. Shika moja uifuate."

Basi anza hapo. Chagua ala moja, upige kipande kilekile mara tatu. Mara ya kwanza fuata ganuni, nyuzi zake zinavyodonolewa mbiombio. Mara ya pili shuka kwenye udi, ile ala ya nyuzi yenye tumbo la duara. Ya tatu, fidla. Utagundua kuwa wote wanapiga sauti moja, lakini kila mmoja anaitia nakshi zake: ganuni inajaza pale fidla inapovuta pumzi ndefu. Hapo ndipo raha ilipo.

Kisha jifunze umbo. Bashraf kwa kawaida ina sehemu nne, khana, na baada ya kila khana hurudi kipande kilekile kiitwacho taslim, kama kiitikio. Mimi ni fundi cherehani, na nikisikiliza nachomeka pini kwenye mto wangu kila taslim inaporudi. Pini ya kwanza huwa ya kubahatisha. Ya pili unaitambua. Ya tatu unaingoja, na inapofika mwili wote unatulia. Pini nne, bashraf imekwisha.

Sikio likishazoea, nenda kwenye muziki wa filamu. Mimi humwanzishia kila mtu na Ennio Morricone, Mtaliano, katika filamu ya Sergio Leone ya 1966, The Good, the Bad and the Ugly. Kipande kinaitwa The Ecstasy of Gold. Fumba macho kwanza. Kinanda kinazunguka palepale, halafu inaingia ala ya jamaa ya zumari, halafu sauti ya mwanamke, Edda Dell'Orso, asiyetamka neno hata moja. Usitafute maana, sauti yake nayo ni ala. Muziki unazidi kupanda, kengele zinagonga. Sasa fumbua macho utazame: mtu anakimbia katikati ya makaburi, anazunguka, anatafuta kaburi lenye dhahabu. Kile kinanda ndiyo miguu yake. Mimi hapo sindano huiweka chini.

Kipande hichohicho ndicho mlango mzuri wa kuingilia nyimbo zilizopigwa upya. Metallica, bendi ya roki ya Marekani, hufungulia nacho maonyesho yao tangu miaka ya 1980, na mwaka 2007 wakakirekodi wenyewe kwa magitaa. Nao Metallica wamepigwa upya na Apocalyptica, vijana wa Finland waliotoa albamu mwaka 1996 kwa selo nne tu, zile fidla kubwa zinazokaa baina ya magoti. Hapa sharti uujue wimbo wa asili kwanza. Kisha jiulize: mwimbaji kaenda wapi? Utamkuta kwenye selo moja inayolia juu, na zile nyingine zinasuguliwa kwa nguvu mpaka zinakwaruza kama gitaa. Ikiwa aliyepiga upya ameiga tu, hakuna alichobadilisha, achana naye. Muda wako ni mali.

Jambo la mwisho: spika ya simu inaiua besi, ile sauti nzito ya chini, na besi ndiyo inayobeba nyumba nzima. Tafuta hedifoni, hata za bei ndogo. Na ukipata bahati ya kwenda kwenye onyesho la taarabu, fika mapema, kabla ya bashraf, ukae upande wa mpiga besi. Mtazame kidole cha mkono wake wa kulia.