Kuitikia Ujumbe kwa Emoji katika Timu Iliyotawanyika

Timu ambayo mratibu wake yuko Tabora mjini, wakusanyaji wake wa takwimu wako Urambo na Kaliua, na mhasibu yuko Kigoma, huendesha sehemu kubwa ya kazi yake katika kundi la WhatsApp. Tangu mwaka 2022 programu hiyo humwezesha mtumiaji kuushikilia ujumbe kwa kidole na kuuwekea emoji, badala ya kuandika "sawa", ambayo ikirudiwa na watu kumi huusukuma ujumbe wenyewe juu hadi usionekane.

Kabla ya yote, kubalianeni maana. Dole 👍 ndilo lenye utata kuliko emoji zote: mratibu anapoandika kwamba fomu za Kaliua ziwasilishwe kabla ya saa kumi jioni, mmoja huweka dole akimaanisha ameona, mwingine akimaanisha atafanya, naye mratibu akadhani fomu zimekwisha kuwasilishwa. Afadhali macho 👀 yawe "nimeona", dole liwe "nitatekeleza", na tiki ✅ iwe "nimemaliza". Kwa kuwa kila mtu huruhusiwa emoji moja tu kwa ujumbe mmoja, ukiweka tiki, dole lako la awali huondoka lenyewe, hivyo ujumbe uleule huonyesha kila mtu amefikia hatua gani. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye maelezo ya kundi, ili mgeni ayakute.

Taarifa ya emoji humfikia aliyeandika ujumbe peke yake. Usiku hilo ni jambo jema, kwani simu za wengine hazilii. Lakini mhasibu anayesubiri tiki ya mtu wa Urambo ili atume nauli hatajulishwa, na itabidi mtu huyo amwandikie.

Zipo jumbe zisizostahili emoji pekee. Kijana akiandika "Shikamoo mzee", kumjibu kwa dole ni kumnyima salamu. "Marahaba" haichoshi vidole kiasi hicho. Taarifa ya msiba nayo huhitaji pole ya maneno, hasa kutoka kwa mkuu wa kazi. Kicheko 😂 kisiwekwe kamwe kwenye kosa la mwenzenu, hata kama kosa lenyewe linachekesha.

Idhini ya fedha iandikwe kwa maneno, kwa sababu emoji huweza kuondolewa wakati wowote, na mkaguzi atakapokuja hatakuta cha kusoma.