Leseni ya ukandarasi California: kuanzia fomu hadi dhamana

Ukijenga California bila leseni, mteja anaweza kukataa kukulipa na mahakama isikusikilize. Kifungu cha 7031 cha sheria ya biashara na taaluma kinamruhusu hata kudai arudishiwe kila dola aliyokwisha kukupa, hata kama kazi ni safi na alijua tangu mwanzo kuwa huna leseni. Kwa hiyo usiguse kazi kabla leseni haijaanza kufanya kazi.

Tangu Januari 1, 2025, kazi isiyofika dola 1,000, ufundi na vifaa pamoja, haidai leseni, mradi haihitaji kibali cha ujenzi na hujaajiri msaidizi. Kuikata kazi moja kwenye ankara tatu hakusaidii, kwani kinachohesabiwa ni kazi nzima.

1. Chagua kundi. A ni barabara, madaraja na mabwawa. B ni majengo. C ni fani maalumu, kama C-10 umeme, C-36 mabomba na C-33 rangi. Kama unapaka rangi tu, B haikufai.

2. Thibitisha uzoefu. Hapa usiende mbio. Unatakiwa miaka 4 ndani ya 10 iliyopita, ukiwa fundi kamili, msimamizi au mkandarasi. Muda wa kuwa saidia fundi hauhesabiwi. Anayekuthibitishia awe amekuona kwa macho yake ukifanya kazi: mwajiri, fundi mwenzako, mkaguzi wa majengo. “Alifanya kazi zote za ujenzi” ni maneno matupu. Aandike: alisimamisha fremu za kuta, akafunga paa, akapiga bodi za jipsamu, kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani. Weka tayari fomu za W-2 (taarifa ya mwaka ya mshahara na kodi kutoka kwa mwajiri), hati za mshahara, vibali na mikataba, maana bodi ya jimbo inayotoa leseni za ukandarasi (CSLB) inaweza kuvidai.

3. Fomu, vidole, mitihani. Ada ya maombi kwa kundi moja ni dola 450, na hairudishwi. Asiye na namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) anaweza kutumia ITIN, yaani namba ya mlipa kodi. Kisha unapigwa alama za vidole na kufanya mitihani miwili, wa sheria na biashara na wa fani yako. Mbali na hiyo kuna mtihani wa asbestosi (madini hatari yanayopatikana kwenye majengo ya zamani), na huo unaufanya ukiwa na kitabu mbele yako.

4. Dhamana na bima. Dhamana ni ya dola 25,000. Wewe hulipi zote. Unalipa ada inayotegemea zaidi historia yako ya mikopo. Lakini dhamana haikulindi wewe. Mteja akilipwa kwa kosa lako, kampuni ya dhamana inakugeukia kudai hela yake. Jina kwenye dhamana lifanane na la leseni herufi kwa herufi: “Pwani Builders” na “Pwani Builders Inc.” ni majina mawili, na karatasi itarudishwa.

Bima ya fidia kwa wafanyakazi ni lazima ukiwa na mwajiriwa hata mmoja. Wa C-8 (zege), C-20 (viyoyozi), C-22 (asbestosi), C-39 (paa) na D-49 (miti) wanaikata hata wakiwa peke yao. Wengine wanaweza kujaza tamko la kutokuwa na wafanyakazi, hadi Januari 1, 2028 itakapokuwa lazima kwa wote. Bima ikikatika, leseni inasimamishwa, na kifungu cha 7031 kinakurudia kwa kazi utakayofanya wakati huo.

Bima ya madhara kwa wengine inalazimishwa kwa LLC (kampuni yenye dhima ya kikomo) tu: angalau dola milioni 1, pamoja na dhamana nyingine ya dola 100,000 kwa ajili ya wafanyakazi. Hata kama si LLC, ikate.

5. Ada ya mwisho. Dola 200 kwa mmiliki binafsi, 350 kwa kampuni. Namba ya leseni iwe kwenye kila mkataba na tangazo. Kwenye ukarabati wa nyumba, malipo ya kutanguliza yasizidi asilimia 10 au dola 1,000, yoyote iliyo ndogo: jiko la dola 30,000, unapokea 1,000, si 3,000.