Somo: Pumzi ipo, miguu bado. Jinsi ya kuanza kukimbia

Wakuu, kila siku naulizwa mbona muundi unauma. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtuma hapa.

1. Viatu vikutoshe. Basi.

2. Toka alfajiri. Tanga jasho halikauki, mwili unachelewa kupoa. Ukidumu wiki moja au mbili, maji ya damu huongezeka na jasho huanza kutoka mapema.

3. Kimbia dakika moja, tembea mbili, nusu saa. Siku tatu kwa wiki, usiziunganishe.

4. Usiongeze kwa sababu tu umejisikia mwepesi. Hapa someni polepole. Moyo huzoea upesi. Wiki chache tu unakimbia huku unapiga soga. Kano na mifupa vina mwendo wake. Kano hupata damu kidogo. Mfupa nao huanza kwa kubomoa sehemu iliyochoka ndipo ujenge upya, kazi ya miezi mitatu au minne, na katikati ya kazi hiyo unakuwa dhaifu. Mtu anafika Raskazone, anaona pumzi ipo, anazunguka tena. Kesho yake anachechemea. Maumivu ya nyama yaliyoenea na kuisha siku mbili tatu, hayo ya kawaida. Ukibonyeza mfupa kwa kidole ukakuta sehemu moja inauma, ACHA, nenda hospitali. Kuchua ukaendelea kukimbia ni kutafuta ufa.

5. Lala vya kutosha.

MASWALI

— Sijasoma yote mkuu, nianze na dakika ngapi?

Namba 3.

— Maumivu si asidi ya laktiki? Kocha anasema tukandwe itoke.

Hiyo huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi; maumivu huja kesho yake. Ni nyuzi za msuli zilizochanika kidogo. Ndiyo maana kuteremka kunauma kuliko kupanda: msuli unavutwa huku umekaza. Waulize watu wa Lushoto. Rudia mteremko uleule wiki ijayo, hutaumia kama mwanzo.

— Mimi nakimbia kila siku, sijaumia. Unatisha watu.

Ulianza lini?

— Wiki mbili.

Haya.

— Wiki ya tatu jimu, chuma kinapanda ila mkono uleule. Nakosea?

Hukosei dada, swali zuri. Mwanzoni neva ndizo zinazojifunza kuamsha nyuzi nyingi kwa pamoja. Nyama huja baadaye. Kula dagaa na maharage, poda si lazima.

— Shikamoo. Mchanga wa ufukweni je?

Marahaba. Mchanga mkavu unavuta sana kano ya kisigino. Subiri maji yakupwe, kimbia palipo pagumu.

— Na dafu baada ya hapo!

Dafu sawa, ila weka na chumvi kidogo kwenye chakula. Jasho linaondoka nayo.